Supu ya Misumari

Jumatatu asubuhi, kabla hujalifikia geti la karakana yetu kule Chang'ombe, pua yako ilikuwa imeshakuambia kwamba wiki imeanza. Harufu ya mayai viza ilitoka mpaka barabarani kukupokea. Wauza maji wakipita na mikokoteni yao walikaza mwendo, na wanawake waliokuwa wakienda sokoni Temeke walijifunika pua kwa ncha za kanga na kutuangalia kwa huruma, kama tunaoishi humo ndani kwa kifungo.

Kilichokuwa kikinuka ni maziwa. Mashine ya kukereza ikichonga chuma, chuma kinapata moto na kisu kinakufa upesi, kwa hiyo yapo mafuta maalumu yanayochanganywa na maji mpaka yanakuwa meupe pe, yakamiminwa pale kisu kinapokula chuma. Yakishapoza kazi yanashuka kwenye tangi chini ya mashine, pampu inayapandisha, yanamiminika tena. Wakerezaji waliyaita maziwa, nami nilipoajiriwa nikayaita hivyo hivyo. Tulikuwa tunafunga kazi Jumamosi mchana. Jumapili nzima maziwa yalilala tangini bila kuguswa, katika joto la Dar es Salaam chini ya bati, na Jumatatu pampu ikiwashwa yaliamka na hasira zake zote.

Mimi nilitokea hospitali ya mjini, nilikofundishwa kazi ya maabara. Kwa miaka mingi nilikuwa naangalia damu za watu, makohozi ya watu na choo cha watu kwa darubini, mpaka siku moja nikajiambia basi, inatosha. Meneja wa karakana, Mzungu mwembamba aliyetembea kama anayekimbia mvua, alitaka mtu wa kupima mafuta yake na kutunza stoo. Nikadhani nimeondokana na uchafu. Kumbe nilikuwa nimeuhama uchafu wa mwanadamu nikaenda kwenye uchafu wa chuma, na ule wa chuma ndio uliozidi kunuka.

Huko nikamkuta mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye alikuwa Mzaramo, mzaliwa wa Temeke, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya misafara. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana unamrudishia, na akichukua kitu chako unacheka kwanza, halafu unafikiria namna ya kukigomboa. Siku ya kwanza tu alipojua kwetu ni wapi aliizima mashine yake, akapaza sauti karakana nzima isikie.

"Jamani, harufu imepata mwenyewe! Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani na mizigo vichwani, mkaitua, harufu mkasahau kurudi nayo."

"Sie tuliitua mizigo," nikamjibu. "Nyie ngoma zenu hamjazitua mpaka leo, ndiyo maana hamwahi kazini."

Tukawa tumeshajuana. Tangu siku hiyo hatukuwahi kuambiana neno jema, na hakuna mtu pale niliyekuwa namtafuta kwa macho asubuhi kama yeye.

Alikuwa mkerezaji hodari kuliko wote. Mashine kubwa kupita zote ilikuwa yake, na akikukabidhi kazi unaweza kupitisha kidole juu ya chuma ukadhani umeshika kioo. Ila alikuwa na tabia moja ambayo, utani au si utani, ilinikera kweli. Mchana tulikula bandani kwa mama mmoja aliyetuuzia wali kando ya geti, watu wanne sinia moja, na kila mtu samaki wake alikuwa mbele yake. Mtani wangu alikuwa akisubiri nipige bismillahi yangu ya Kikristo, nimefumba macho, na nikiyafumbua samaki hayupo. "Haki ya mtani," alikuwa akisema na mdomo umejaa. Nami napenda samaki. Kule kwetu Tabora samaki ni wa kukaushwa, na nguru wa mama yule alikuwa amekaangwa vizuri mno.

Sasa, meneja alichoka na ile harufu. Wateja walikuwa wakiingia na leso puani, na maziwa yaliyooza yalikuwa yanatia kutu kwenye vyuma vilivyokwisha kuchongwa. Akaagiza dawa ya kuulia vidudu, ikaja kutoka ng'ambo katika pipa, rangi yake hudhurungi, harufu yake kama ya vyoo vya hospitali. Kwenye pipa kiliandikwa kipimo. Fundi mkuu, Singasinga mkubwa mwenye roho nzuri na mkono mzito, alikisoma akatikisa kilemba. Alisema kile ni kipimo cha nchi za baridi, ambako hata vidudu wanatetemeka, na kwa joto la huku lazima kiongezwe mara mbili. Akaongeza. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kurudia kazi, akaongeza tena.

Jumatatu iliyofuata haikuwa na harufu. Watu walishangilia, mama wa chakula akaja mpaka mlangoni kunusa, na fundi mkuu alitembea siku ile kifua mbele.

Haikupita muda mikono ikaanza. Kila mkerezaji aliwashwa kidogo, lakini mtani wangu, ambaye mashine yake ilikuwa ikimwaga maziwa kama bomba lililopasuka, alipatikana. Ngozi ilipasuka katikati ya vidole, ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu, chini yake pekundu. Akawa anaifunga mikono kwa vipande vya kanga kuukuu ya mkewe, na ukimuuliza anasema amepaka hina, amealikwa harusini. Watu walicheka, lakini walianza kukaa mbali. Siku moja alimpa mkono mwenzetu mmoja kumsalimia, yule mwenzetu akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Niliona. Neno ukoma nililisikia likipita chini chini kwenye foleni ya maji, na aliyelisema hakujua kwamba niko nyuma yake.

Mtani wangu naye alilisikia, kwa sababu siku iliyofuata hakuja kwenye sinia. Alijipakulia kwenye bakuli lake, akakaa juu ya tairi upande wa pili wa banda, akala kwa kijiko. Mimi nikapiga bismillahi yangu, nikafumbua macho, samaki yupo. Nilimla mzima kwa amani, na sijawahi kula samaki mbaya kama yule.

Halafu meneja akamwita. Kiswahili chake kilikuwa kifupi na cha haraka kama mwendo wake. "Mkono huu mbaya. Mwisho wa mwezi hapana pona, wewe hapana mashine. Wewe fagia."

Kumpa ufagio mkerezaji! Afadhali angemfukuza. Mtani wangu aliirudia mashine yake bila kumtania mtu yeyote. Baba yake alikuwa mfagiaji wa soko, na kila mtu Temeke alijua jinsi mzee yule alivyojisifu kwamba mwanawe anaamrisha mashine ya Wazungu. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza.

Nilikwenda kwa meneja nikamwambia kinachokula mikono ni dawa, imezidi. Akaniuliza, basi ya kutosha ni kiasi gani? Nikasema sijui, lakini naweza kupima. Alinitazama kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa mahali ambapo hakudhani pana mlango. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi ule ule.

Nilianza kwa mama wa chakula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba supu ya mifupa, isiyo na chumvi wala pilipili."

"Maskini, tumbo?"

"Sio yangu mama. Ya vidudu."

"Vidudu vya nani?"

"Vya mashine."

Alinipakulia bila kuniuliza tena, na sufuria lake akalisogeza mbali nami kidogo. Nilichokuwa nataka kufanya hakikuwa kigumu. Nilichukua chupa kadhaa za soda, nikazitia maziwa mapya, supu kidogo ili vidudu wasife njaa, kijiko cha maziwa yaliyooza niliyoyakuta kwenye ndoo moja isiyowahi kutiwa dawa, na msumari mmoja kila chupa. Wale vidudu wanaotoa harufu ya mayai viza hawapendi hewa, kwa hiyo nilijaza mpaka shingoni nikaziba kwa kizibo na nta. Wakiwa hai humo ndani, harufu yao inaushika msumari na maziwa yanageuka meusi. Wakifa, maziwa yanabaki meupe. Chupa ya kwanza sikuitia dawa hata tone. Ya pili nilitia kidogo sana, ya tatu nikaongeza kidogo, nikaendelea hivyo mpaka ile ya mwisho, niliyoitia kipimo cha fundi mkuu. Nikazipanga stoo, rafu ya juu karibu na bati, zipate joto.

Kazi hiyo huwezi kuifanya karakanani ikawa siri. "Njooni muone!" mtani wangu alipiga kelele mlangoni, mara ya kwanza tangu aitwe na meneja. "Mnyamwezi anapika supu ya misumari! Ndiyo maana kwao hakuna mzee mwenye meno!" Nilifurahi kumsikia. Nikamwambia acheke tu, chupa ikibaki nyeupe dawa imeshinda, ikiwa nyeusi vidudu wameshinda. Alizitazama zile chupa kwa muda, moja baada ya moja, akaenda zake.

Jumatatu nilifika mapema kuliko kawaida yangu. Nikapanda kwenye kigoda, nikashusha chupa ya pili, yenye dawa kidogo sana. Nyeupe! Nikashusha ya tatu, nyeupe. Zote nyeupe. Nikamshukuru Mungu kwa Kinyamwezi, maana nikifurahi sana Kiswahili kinanikimbia. Halafu nikaikamata ile ya kwanza, ambayo ndani yake hamkuwa na dawa hata tone, na yenyewe ilikuwa nyeupe kuliko zote.

Nilikaa juu ya kasha. Chupa isiyo na dawa inatakiwa ioze. Isipooza, hujui kama nyingine zimepona kwa dawa au kwa bahati, na kazi yote haina maana. Nikaing'oa kizibo, ikanipiga harufu ya choo cha hospitali. Nikaangalia rafuni, palikuwa na madoa ya hudhurungi. Na kwenye nta ya kizibo ulinasa uzi mwekundu wa kanga.

Nilimkuta anapangusa mashine yake.

"Wewe," nikamwambia, "umetia dawa kwenye chupa zangu."

Hakukataa. Alitabasamu kabisa. "Nimekusaidia, Mnyamwezi. Umesema nyeupe ndiyo kushinda. Zote nyeupe sasa. Mwambie meneja hata ile ndogo inatosha."

"Na ile ya kwanza?"

"Nayo nimeitia. Niliionea huruma, umeiacha kavu kavu."

"Ile ilitakiwa ioze!"

"Ilitakiwa ioze?" Aliacha kupangusa. "Mtu na akili zako unaweka kitu ili kioze? Nyie watu wa bara mna matatizo."

Nilimweleza. Nilimweleza kwamba ile ni shahidi, inatuambia kwamba vidudu walikuwepo na walikuwa na nguvu, na bila shahidi huyo hakuna kesi. Nikamwambia pia kwamba ningepeleka jibu lile kwa meneja, wangetia dawa kidogo mno, Jumatatu moja tu karakana ingenuka upya, na fundi mkuu angerudi na kopo lake, na safari hiyo hakuna ambaye angenisikiliza. Tabasamu lilimtoka taratibu. Akaitazama mikono yake iliyofungwa kanga.

"Mie niliogopa," akasema. "Niliogopa supu yako itasema dawa nyingi ndiyo inayofaa. Mzee wangu hajui bado. Nitamwambia nini nikienda nyumbani na ufagio?"

Hapo hakukuwa na utani. Nilitaka kumkasirikia na sikuweza. Nilimwonea uchungu, nikamwambia, "Utamwambia umerithi." Akacheka, kicheko kifupi, lakini alicheka.

Meneja nilimwambia kipimo kimeharibika na naanza upya. Hakuuliza kimeharibikaje. Alisema Jumatatu inayokuja ndiyo mwisho wa mwezi, akaondoka na haraka zake. Nikarudi kwa mama kuomba supu, naye safari hii akaniuliza kama vidudu wangependa na kipande cha ndimu. Nikajaza chupa mpya, nikaziba, nikapanga. Mtani wangu alijiteua mwenyewe kuwa mlinzi. Wiki nzima chakula chake alikula kizingitini pa stoo, mgongo mlangoni, na hata fundi mkuu alipokuja kuchukua patasi aliulizwa anataka nini kwa vidudu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu sikulala vizuri, na asubuhi nilimkuta keshafika, amekaa kwenye kizingiti. Tuliingia pamoja. Nikaishusha ile ya kwanza kwanza. Ilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria.

"Imeoza!" akapiga kelele kwa furaha. "Jamani, imeoza!" Nadhani hakuna mtu Temeke nzima aliyewahi kukishangilia kitu kilichooza namna ile. Ya pili nayo ilikuwa imeingia kijivu, hailingani na ya kwanza lakini vidudu walikuwa hai. Nilimwona akimeza mate. Nikaishusha ya tatu, nikaipeleka kwenye mwanga wa mlango, nikaigeuza. Nyeupe. Msumari wake ulikuwa ukimetameta humo ndani kama uliotoka dukani. Na ile ya tatu ilikuwa na dawa kidogo mno ukilinganisha na makopo ya fundi mkuu.

Meneja alipokuja, mtani wangu ndiye aliyemfungulia shahidi. Nilimwambia amwonyeshe tu, yeye akaing'oa kizibo chini ya pua ya mheshimiwa. Meneja alirudi nyuma mpaka akaliangukia pipa la mafuta, kofia ikaenda upande wake na yeye upande wake. Alipoinuka alinusa na ya tatu, kwa mbali, kisha akaitazama mikono ya mtani wangu muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote.

"Sawa," akasema. "Dawa kidogo. Huyu bado mashine. Mimi tazama."

Haikuwa kupona, ilikuwa nafasi tu. Tulimwaga maziwa yote, tukaingia kusafisha matangi, na humo tukakuta majani ya chai, miba ya samaki, tambuu zilizotafunwa na kandambili ya mguu mmoja ambayo mwenyewe hajajitokeza mpaka leo. Fundi mkuu alipiga marufuku kutema na kumwaga chai tangini, kisha akaonekana amesimama na kikombe chake, anatafuta pa kumwaga. Nikawaeleza pia kwamba maziwa yakitembezwa yanapata hewa, na vidudu hao hawapendi hewa, kwa hiyo ingefaa mtu aje Jumapili awashe pampu kidogo. Wakristo tukatazamana.

"Nyie nendeni mkaimbe," mtani wangu akasema. "Mie nitawakorogea." Na akawa anakuja kila Jumapili, kwa miguu kutoka Temeke. Mimi nami Ijumaa mchana nilisimama kwenye pampu yake mpaka atoke msikitini, na akirudi ananitukana kwa jinsi nilivyosimama.

Mikono haikupona upesi. Kwanza iliacha kutoa maji, halafu pekundu pakawa hudhurungi, halafu vitambaa vikapungua kidole kwa kidole. Jumatatu zilipita, na kila moja nilikuwa naingia getini pua mbele kama mbwa, nanusa harufu ya chuma na mafuta tu, basi. Meneja alikuwa akipita kwenye mashine kubwa, anatazama, anaondoka bila kusema. Kijiko na bakuli vilikuwa bado vinakwenda kwenye lile tairi. Sikumwita. Ungemwita angefanya mzaha, na angebaki pale pale.

Siku moja mama alileta wali wa nazi na nguru, sinia likawekwa, watatu tukakaa. Nikafumba macho kusema bismillahi yangu. Niliposikia mchanga unakwaruza karibu yangu niliirefusha ile sala, nikawaombea na watu nisiowajua. Nilipofumbua macho, mkono wa mtani wangu, mtupu, bila uzi hata mmoja wa kanga, ulikuwa unatoka mbele yangu kwenye wali, na ulikuwa umeondoka na samaki wangu.

Hakuna aliyesogea. Yule mwenzetu aliyekuwa na shughuli mfukoni alichota tonge lake pale pale mkono ulipopita.

"Haki ya mtani," mtani wangu akasema na mdomo umejaa.

Niliangua kilio mbele za watu, mtu mzima, sinia mbele yangu.

"Tazameni," mtani wangu akawaambia, "Mnyamwezi analilia samaki."

Nikamwambia ndiyo, nalilia samaki.